Flipa Iliyokuja Badala ya Friji

Wiki iliyopita baridi ilikolea hapa Kolwezi, na jirani yangu akatoa uvunguni hita ya umeme ambayo haikuguswa tangu baridi ya mwaka jana. Alipoichomeka, vumbi lililokuwa limelala juu ya nyaya likaanza kuungua taratibu, na harufu yake ikapita dirishani ikanikuta nachambua maharage. Ni harufu kavu, kama ya karatasi iliyosogezwa karibu na mkaa bila kushika moto. Wengine huiona kero. Mimi iliniweka chini. Niliacha maharage, nikakaa kwenye ngazi ya mlango, na jirani alipopiga kelele kuuliza kama harufu inanisumbua, nilimjibu hapana, aiache iwake.

Watu wa rika langu mtaikumbuka flipa. Ile meza ya mchezo yenye miguu minne na kioo juu: unavuta mpini wa springi, kigololi cha chuma kinapanda, halafu kinateremka kikigonga kengele na kuwasha taa, nawe unakipiga kwa vibawa viwili kisije kikaangukia shimoni. Yetu ilikuwa kuukuu tangu hapo. Kwenye kioo chake cha nyuma walichorwa wazungu waliovaa sweta nyekundu wakiteleza juu ya kitu cheupe, na mimi, ambaye sikuwahi kuona theluji, niliamini kabisa kwamba ni unga wa mahindi. Niliwashangaa sana watu hao. Kwetu unga ulikuwa wa kupimwa kwa kikombe, na wao wanaukanyaga kwa viatu huku wanacheka.

Ilifikaje nyumbani? Kampuni ya mgodi ilikuwa imeacha kulipa mishahara kwa muda mrefu, na serkle, yaani klabu ya wakubwa wa kampuni, ikafungwa. Badala ya fedha, wafanyakazi wakaambiwa waje wachague vitu vilivyokuwa mle ndani. Kambi yetu nzima ilichangamka kama siku ya harusi. Wanaume walirudi na viti vya ngozi, na sahani zenye ukingo wa dhahabu, na friji. Friji ndiyo iliyokuwa kwenye roho ya mama. Alikuwa amekwisha kufagia kona ya kuiweka, na alikuwa amekwisha kuwatangazia wanawake wenzake kwamba atauza maji ya baridi kule sokoni Manika.

Baba, ambaye alikuwa fundi wa umeme mgodini, akatokea jioni na vijana wanne wanasukuma mkokoteni. Juu yake kilikuwa kitu kirefu kilichofunikwa turubai. Mama alilifunua turubai mwenyewe.

"Hii ni nini?"

"Flipa."

"Na frigo iko wapi?"

"Frigo balikwisha kuzibeba. Lakini sikiliza, mama. Iko na kosa kidogo tu. Nitaitengeneza, nitaiweka pale ku barza, bijana batakuya kucheza, batalipa. Itapita frigo."

Mama aliwatazama wale wazungu wanaoteleza juu ya unga. "Batu benye akili banaleta frigo ku nyumba," akasema. "Weye unaniletea muchezo."

Ingeishia hapo, pengine, kama baba angekuwa amesema kweli. Lakini friji zilikuwa bado zipo. Mama Ntumba, jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye mume wake alichukua friji baada ya baba kuondoka, ndiye aliyelipua jambo hilo bila kukusudia, alipomsimulia mama. Baba alikuwa ameipita mistari ya friji akaenda moja kwa moja kwenye flipa. Ujanani alikuwa akitumwa serkle kubadilisha balbu, na juu ya ngazi yake alikuwa akiwatazama wakubwa wakicheza, na hakuwahi kuruhusiwa kuigusa. Sasa siku yake ilikuwa imefika. Leo nikilifikiria hilo nacheka kidogo, kisha sicheki tena.

Mama aliondoka asubuhi moja ya kiangazi, na sanduku moja, kwenda Lubumbashi kwa kaka yake mkubwa. Sikumbuki kelele. Nakumbuka amesimama mlangoni amejifunga kitenge cha safari, akainyooshea flipa mdomo, maana mikono ilikuwa imejaa, akasema, "Siku hii kitu yako italia, njo siku nitarudia." Kisha akacheka kicheko kifupi. Mtu mzima yeyote angekielewa kicheko kile. Mimi niliyasikia maneno tu. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba ahadi ni deni, na mama yangu hakuwa mtu wa kukopa ovyo. Basi nikaona mambo ni mepesi: flipa ikilia, mama anarudi. Hata sikulia njia nzima ya kumsindikiza.

Hapo ndipo nilipoanza ufundi.

Kila nilipotoka shule nilimkuta baba amekaa mbele ya flipa, kifuniko kimeinuliwa, matumbo yake yote nje. Humo mlikuwa na nyaya nyingi kuliko nywele, zimefumwa kwa uzi, na rangi zake zimefifia hata nyekundu na ya machungwa ilibidi kuzitazama juani. Mchoro wake ulikuwa umepotea. Baba akawa anauchora upya kwa chaki kwenye ukuta wa sebule, waya kwa waya, na mimi nikawa mshika taa ya kujaribia: balbu ndogo yenye nyaya mbili, unagusa huku na huku, ikiwaka umeme umefika, isipowaka umeme umekufa njiani.

"Usiulize mashine iko na ugonjwa gani," alinifundisha. "Haitakujibu. Fuata kuran, ile umeme, mpaka pale inakufia. Na mukono ya kushoto iweke ku mugongo, juu kuran isipate njia ya kupita mu roho yako."

Nilikuwa nikienda hata chooni na mkono wa kushoto mgongoni.

Kosa la kwanza lilikuwa fyuzi: mtu fulani wa serkle alikuwa ameweka karatasi ya sigara, ile ya kung'aa, mahali pa fyuzi, na waya wa nyuma yake ukaungua. La pili lilikuwa kiota cha panya chini ya transfoma, kimetengenezwa kwa vipande vya tiketi za serkle. Tulipomaliza hayo mawili taa zikawaka, zote kwa mpigo, na ile harufu ya vumbi ikapanda ikajaa nyumba. Nilikimbia kufagia, nikachemsha maji ya kuoga mgeni. Baba akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia naandaa. Hakuuliza naandaa nini, alikuwa amefurahi mno na taa zake.

Likafuata kosa la magurudumu ya namba. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, mota ndogo ilizunguka ikazunguka bila kusimama, kwa sababu gurudumu moja lilikataa kurudi sifuri. Tulisugua migusano yake, yale mabati mawili madogo yanayokutana ili umeme upite, kwa kipande cha karatasi ngumu, si kwa msasa. Baba aliuchukia msasa kama watu wengine wanavyouchukia ulevi.

Na hapa lazima niwaeleze desturi moja ya mgodini, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Fundi akitaka kuingiza mikono ndani ya mashine kubwa, kwanza huizima swichi, kisha huitia kufuli lake mwenyewe na kuning'iniza kibamba chenye alama yake. Kufuli hilo haliguswi na mtu mwingine. Hata mkubwa wa mgodi halifungui, kwa maana hajui kama mwenye kufuli bado amelala katikati ya meno ya mashine. Baba aliileta sheria hiyo nyumbani pamoja na bisibisi zake. Alipotaka kuzima njia moja ndani ya flipa ili aipime nyingine, alichomeka kikaratasi kigumu katikati ya migusano, amekikata kutoka boksi la sabuni, na juu yake ameandika alama yake, duara lenye mstari katikati.

"Mutu mwenye alifunga, njo mwenye atafungula," alisema. "Hata uone kama ni bure. Hata uone kama alisahau."

"Hata mama akikuya?"

"Hata mama."

Miezi ile nilikuwa peke yangu kwa namna ambayo sijawahi kuwa tena, hata sasa ninapoishi peke yangu kweli. Mwanzoni watoto wa kambi walikuja kuwatazama wazungu wa kwenye kioo, wakangoja kigololi, hakikutoka, wakarudi kwenye mpira wao. Mashangazi walikuja wakabeba sufuria za mama, na vitenge vyake viwili vizuri. Asiyekuwepo na lake halipo. Baba aliniita "mama", kwa kuwa nilibeba jina la mama yake mzazi, lakini maneno mengine yaliyopita kati yetu yalikuwa ya waya tu: shika, gusa, imewaka, haikuwaka. Usiku ulipofika tulikula bila kuzungumza, na nilipokwenda kulala nilijiwekea matumaini yangu kwenye migusano. Imebaki kidogo, nilijiambia. Baba ni fundi. Ingawa, kusema kweli, swichi ya jikoni kwetu ilikuwa inapiga shoti tangu nizaliwe. Mganga hajigangi.

Siku moja Mama Ntumba alikuja na mandazi kwenye bakuli. Alikuwa na moyo mwema, na nadhani friji ile jikoni kwake ilikuwa inamkaa vibaya. Baba alikuwa amelala chali chini ya flipa, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Mwana wangu," akaniuliza, "mama atarudia lini?"

"Siku flipa italia," nikamjibu. "Alisema ye mwenyewe. Imebakia kidogo tu, mama, kosa moja ao mbili."

Bisibisi chini ya flipa ikanyamaza. Mama Ntumba akatazama viatu vyake, kisha akatazama miguu ya baba, kisha akanishika shavu. "Subira huvuta heri," akasema, akaondoka akiliacha bakuli lake, yeye ambaye hakuwahi kuacha bakuli popote. Baba hakutoka chini ya ile mashine kwa muda mrefu. Nilipomwita ale mandazi alisema nianze mimi.

Kuanzia hapo kazi ikabadilika. Nilidhani tumefika kwenye kosa gumu kuliko yote. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, rele moja, yaani swichi ndogo inayovutwa na koili, iliruka ikasema ka!, kisha ikaanguka, na kigololi hakikutoka. "Kuko kosa moja inajificha," alisema baba. Alikuwa akikaa mbele ya flipa jioni nzima, kifuniko kimeinuliwa, mikono magotini. Hagusi kitu. Nikimpa taa ya kujaribia anaipokea, anaiweka kando. Akanikataza kufungua sanduku la nyuma, lile lenye rele, akasema lina hatari. Mchoro wa chaki ukutani ukaanza kufutika kwa mabega yetu tunapopita, na hakuuchora tena.

Nilikasirika. Nilimwona mvivu, niliwahi hata kufikiri kwamba hataki mama arudi kwa sababu ya yale maneno ya friji. Nilimchukia siku kadhaa, kimyakimya, huku namwekea maji ya kuoga.

Halafu ikaja Jumapili. Nilikuwa na mafua, baba akaniacha kitandani akaenda kanisani alikokuwa akiimba besi kwenye kwaya. Umeme, uliokuwa umekatika tangu juzi, ukarudi katikati ya asubuhi. Nikaamka, nikachukua taa ya kujaribia, nikaweka mkono wa kushoto mgongoni, nikafungua sanduku la nyuma.

Nilifanya kama alivyonifundisha, sikuiuliza mashine chochote. Transfoma, imewaka. Fyuzi, imewaka. Kitufe cha kuanza, imewaka. Waya wa njano mpaka kwenye rele, imewaka. Nikagusa upande mmoja wa mgusano wa tatu, ikawaka. Upande wa pili, giza. Nikainama nikatazama. Katikati ya yale mabati mawili kulikuwa na kikaratasi cha boksi la sabuni, kimekatwa vizuri pembe nne, na juu yake duara lenye mstari katikati. Chini yake kidogo niliona waya uliokuwa umekatika na kulehemiwa upya, kazi safi, ya mkono wa baba. Lehemu ile ilikuwa na vumbi. Kikaratasi pia kilikuwa na vumbi.

Nilisema kwa sauti, peke yangu mle ndani: "Alisahau!" Na furaha yangu ilikuwa kubwa hata nikasahau pua inayotiririka. Haikunijia hata kidogo kwamba fundi wa mgodi anaweza kusahau ndoa yake, akasahau njaa, lakini kufuli lake hasahau. Nilikumbuka sheria, ndiyo. Nilisimama na kidole changu kwenye kile kikaratasi. Kisha nikafikiri: sheria ni kwa ajili ya mikono iliyo ndani ya mashine, na humu mikono iliyomo ni yangu tu. Nikakivuta.

Nilipobonyeza kitufe, rele iliruka ikashika. Mota ikazunguka mara moja ikatulia. Magurudumu yote yakarudi sifuri, moja baada ya jingine, kama watu wanaokaa kwenye benchi. Na kutoka gizani kigololi kikatupwa nje kikabingirika kikaja kusimama mbele ya mpini. Nikauvuta. Kilipanda, kikazunguka juu, kikaanguka katikati ya vichwa vya mpira vinavyokirusha huku na huku, na kengele ikalia, ikalia, ikalia, na wazungu wa kwenye unga wakawa wanawaka na kuzimika. Sikugusa vibawa. Sikuwa nimekuja kucheza. Niliingia chumbani nikavaa gauni langu la Jumapili na kutoka nje mbio.

"Imelia!" nilimpigia kelele Mama Ntumba, aliyekuwa anaanika nguo. "Mama Ntumba, imelia!" Aliniita, sikusimama.

Mabasi madogo ya kutoka Lubumbashi yalikuwa yakisimama Manika, karibu na mziba pancha. Nilikaa juu ya jiwe lake. Basi la kwanza liliteremsha mzee mwenye kuku wawili na wanawake wenye mizigo. La pili lilikuwa limejaa vijana wenye masepeto, wanakwenda Mutoshi kuchimba, wameteremka wanacheka na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mmoja alinipa kipande cha muwa. Nilikipokea nikakiweka kwenye mapaja, nikaona nitakula pamoja na mama.

Baba akaja mchana. Nilidhani atanipiga, maana nilikuwa nimefungua kufuli la mtu. Hakunipiga. Alikaa chini, kwenye tairi lililokuwa kando ya jiwe langu.

"Ulifungula," akasema.

"Ndiyo, tata. Ulisahau karatasi yako mule."

"Ee," akasema. "Nilisahau, mama."

Miaka mingi baadaye, nikiwa na nyumba yangu, Mama Ntumba aliniambia, kama baba alivyomsimulia, kwamba wakati ule mtu wa gari la moshi alikuwa amekwisha kumletea baba habari: mama alikuwa ameolewa kule Lubumbashi, na hakuwa na nia ya kurudi. Alizipata kabla ya ile siku ya mandazi. Aliposikia mimi namwambia jirani nangojea nini, alikwenda akaitafuta njia moja ndani ya flipa, akaifunga, akaweka alama yake. Alijua kwamba flipa isipolia, mtoto wake bado ana mama anayekuja. Nilipoambiwa hivyo nilimwomba Mama Ntumba maji, naye akaniletea ya baridi.

Lakini siku ile sikujua. Nilimwuliza baba kama basi jingine liko karibu, akasema liko njiani. Likaja. Akateremka mwanamke mwenye kitenge kinachofanana na cha mama, nikanyoosha shingo, akageuka, hakuwa yeye. Likaja jingine. Mziba pancha akakusanya vifaa vyake, akatutazama, akatuachia jiwe. Jua likashuka nyuma ya kilima cha mchanga wa mgodi. Muwa ulikuwa umekauka mapajani pangu, na kitu fulani ndani yangu kikachoka, si kwa ghafla, bali kama mtu anayeweka mzigo chini. Nikajua. Sikuambiwa na mtu, nilijua tu, na nilishangaa kwamba inauma kidogo kuliko kungoja.

"Tata," nikasema, "twende ku nyumba. Hatakuya."

Nikasimama. Nikamgeukia ili nimshike mkono tuondoke, na ndipo nilipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike. Shati lake la kwaya lilikuwa limefungwa mpaka kifungo cha juu. Nywele alikuwa amezichana kwa maji. Viatu, katika vumbi lote lile la Manika, vilikuwa vimepakwa rangi upya. Alikuwa amepita nyumbani kwanza, ameambiwa flipa imelia, ameiona inawaka, na kabla ya kuja kunitafuta alikuwa ameketi mahali akapiga viatu brashi.

Macho yake yalikuwa barabarani.

"Tungoyee moja tena, mama," akasema. "Moja tu."

Nikakaa tena.